Chumba Chenye Paa Lake

Mke wangu alijua kwamba macho ya mama yake yamefifia siku alipomwona akimimina chai pembeni ya kikombe, na kuendelea kumimina. Ilikuwa Muthetheni, nyumbani kwao, Jumamosi moja alipokwenda kumsalimia. Aliporudi kesho yake jioni aliketi bila kuvua kitambaa cha kichwa, akanieleza habari ya chai, kisha habari ya leso iliyoungua pindo jikoni bila mwenyewe kujua. Baba mkwe alikuwa amefariki zamani. Shemeji yangu, mwana wao wa pekee wa kiume, alifanya kazi Mombasa na kuonekana nyumbani wakati wa Krismasi. Waliobaki karibu tulikuwa sisi, hapa Machakos mjini.

"Itabidi aje akae na sisi," mke wangu alisema.

Nikasema aje. Nilisema haraka na kwa moyo wote. Kisha tukakumbuka sote wawili jambo lile lile: atalala wapi?

Swali hilo halikutokana na uhaba wa vitanda. Kwetu Ukambani kuna heshima kati ya mwanamume na mama wa mke wake, tunayoiita nthoni. Hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hupisha mbali. Zaidi ya yote, hawalali chini ya paa moja. Watu wengi wa mjini wameilegeza sasa, na hata wakati ule, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wapo waliokuwa wakiicheka. Mama mkwe wangu hakuwa miongoni mwao. Mimi nami nililelewa na baba ambaye hakuwahi kulitamka jina la mama mkwe wake mpaka alipomzika.

Kwa hiyo tangu nilipomwoa binti yake nilikuwa sijawahi kumtazama mama huyu usoni. Nilizijua leso zake, na sauti yake nikiwa upande wa pili wa ukuta. Siku moja sokoni Machakos niliona leso ninayoijua ikija kati ya mafungu ya nyanya, nikaingia duka lililokuwa karibu. Lilikuwa duka la chakula cha kuku. Nilikaa humo mpaka mwenye duka akaniuliza kama kuku wangu ni wa mayai au wa nyama, nikanunua kilo mbili kwa aibu. Hatukuwa na kuku.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sebule na vyumba viwili vya kulala, kwenye ploti ndogo upande wa vilima vya Iveti. Nilikuwa karani wa posta, na mke wangu alishona sare za shule katika kibanda karibu na soko. Tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo kwa nia ya kununua pikapu kuukuu, mimi nikiota kuikodisha kwa wakulima siku za mavuno. Jioni ile mke wangu hakuitaja pikapu. Niliitaja mimi, ili aone kwamba nimeshaiaga.

Fundi aliyetujengea nyumba alikuja Jumapili iliyofuata na tepu yake. Tulizunguka nyumba mara mbili. Alituambia kwamba nyumba ya kusimama peke yake, hata ikiwa ya chumba kimoja, inataka msingi wa pande zote na kuta nne, na ploti yetu ingebaki haina pa kuanikia nguo. Lakini tukikiegemeza chumba kwenye ukuta wa sebule, upande wa juu, ukuta mmoja tungeupata bure. "Huu mlishaulipia," alisema, akiupiga kofi. Mke wangu alipenda wazo hilo kwa sababu nyingine. Alitaka mama yake akikohoa amsikie.

Tuliketi sebuleni, tukahesabu. Fundi alitaja matofali, simiti, mchanga wa mtoni, kokoto, mbao, mabati, mlango, dirisha na kazi ya mikono. Mimi nikaongeza usafiri wa vitu hivyo vyote, ambao hakuutaja kwa sababu hakuwa yeye wa kuulipa. Tulipojumlisha tulipata kiasi kilicholingana na akiba ya pikapu, na juu yake mshahara wangu wa miezi miwili. Nilifurahi. Nilidhani hali ingekuwa mbaya zaidi.

Mke wangu, aliyekuwa akitusikiliza huku akipindia kola ya shati la mtoto wa mtu, aliuliza kama tumemaliza.

"Tumemaliza," nikasema.

"Mmehesabu kuta. Mtu hamjamhesabu."

Akataja kitanda, godoro, blanketi, jiko la makaa, mahali pa kuogea, na njia ya kwenda chooni, ambayo kwa miguu yetu ilikuwa mawe mawili matatu tu lakini kwa mtu asiyeona ilikuwa safari. Fundi alikuna kichwa. Mimi nilitazama ile jumla niliyokuwa nikiifurahia, nikaikata kwa mstari, tukaanza upya. Tukaondoa dari. Tukaondoa plasta ya nje. Dirisha likawa dogo. Mlango wa chuma niliukatalia usiguswe, maana mtaa wetu ulikuwa umeibiwa mara kadhaa mwaka ule na nilitaka mama awe salama.

Ilibaki kumuuliza mwenyewe. Mke wangu alirudi Muthetheni, nami nikashinda posta nikigonga mihuri bila kujua ninachogonga. Aliporudi alikuwa na jibu. Mama alikubali kuja, na alishukuru. Kushiriki ukuta hakukumsumbua, kwa sababu, alisema, ukuta ni wa kuegemea tu. Mlango wake utazame upande ambao mlango wetu hautazami. Na paa liwe lake.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Fundi alikuwa amepanga kulirefusha paa letu, mabati yateremke kutoka juu ya sebule mpaka yafunike chumba kipya, kazi rahisi. Paa la peke yake lilitaka lianzie chini ya ukingo wa letu, liwe na mbao zake, na pale linapokutana na ukuta wetu pazibwe kwa bati la kukunja, la sivyo mvua ingeingia kitandani. Fundi alikadiria, akataja kiasi, na mimi nikakasirika. Fundi alipoondoka nilimwambia mke wangu kwamba bati ni bati. Nani atalala chali akitazama juu kuona kama mabati yameungana?

"Yeye," alisema. "Na kwa vile haoni, atayawaza."

Tukaliweka paa la peke yake.

Tulianza kujenga baada ya mavuno, wakati vibarua wanapatikana. Siku ya pili ya kuchimba msingi, koleo lilitoka na makopo na vipande vya chupa. Miaka ya kwanza tulipohamia pale tulikuwa na shimo la takataka upande ule, tukalifukia, tukasahau. Huwezi kusimamisha ukuta juu ya takataka. Fundi alichimba mpaka akafika udongo mgumu, na kila alivyoshuka alidai mawe na simiti zaidi. Pale nilipokuwa nimekadiria msingi wa kufika gotini tulipata shimo la kumfika mtu kifuani. Nilisimama ukingoni kila jioni nikitoka kazini, nikiona pesa za paa zikishuka humo kwa toroli.

Kuta zilipofika juu ya dirisha, pesa ziliisha. Fundi hakutulaumu. Alikusanya vifaa vyake, akasema tukiwa tayari tumwite, akaenda kujenga kanisa upande wa Wamunyu. Tulibaki na kuta nne na anga. Watoto wetu wawili walikifanya chumba kile uwanja wa kuchezea, na mke wangu aliacha kupita upande ule.

Mimi nilipanga kwamba mwaka ukigeuka ningeomba mkopo kwenye chama cha akiba cha wafanyakazi, tuezeke taratibu. Lakini ikaja habari kutoka hospitali. Mke wangu alikuwa amempeleka mama yake kupimwa, na ilionekana kwamba ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba yanaweza kusaidiwa. Sasa zamu yake ya kupasuliwa jicho la kwanza ilikuwa imefika. Baada ya hapo angehitaji kukaa karibu, atiwe dawa kila siku, arudi kuonwa, na kwa wiki kadhaa asiinamie moshi. Kurudi Muthetheni, kwenye jiko la kuni, hakukuwezekana.

Mke wangu aliniambia habari hiyo akiwa amesimama kwenye kibanda chake, kitambaa cha sare mkononi. Ilikuwa habari njema na alikuwa akilia. Alisema labda amtafutie chumba cha kupanga karibu na hospitali, lakini nani angelala naye humo? Alisema labda amwombe mama yake alegeze, mara hii moja tu. Kisha akasema hapana, hatamwomba mtu kitu kama hicho akiwa amefungwa jicho.

"Mimi nitatoka," nikasema.

"Utoke uende wapi?"

"Kwenye chumba chake."

Alinitazama kuona kama natania. Akasema hakina paa, na majirani watasema amenifukuza. Nikamwambia majirani wakisema, awaambie ni kweli.

Turubai niliazimwa na mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Msomali, aliyekuwa na malori yanayoteremsha mbuzi na ng'ombe mjini. Alikuja posta kila mwezi kuwatumia watoto wake pesa za shule, na tulikuwa tumezoeana dirishani. Nilimweleza shida yangu yote, mpaka habari ya nthoni, nikitarajia acheke.

"Hii iko kuukuu lakini haivuji," alisema, akiwaonyesha vijana wake turubai la kubeba. "Mimi nilijengea mama mkwe yangu nyumba mzima. Mpaka leo hajanisifu."

Lilinuka mbuzi. Nililifunga juu ya kuta kwa kamba na mawe, nikaingiza kitanda cha kamba, taa ya mafuta, na kiti kimoja. Siku mama mkwe alipotolewa hospitali nilikaa posta mpaka nikahakikisha ameshafika, ameshaingizwa ndani, na mlango wa sebule umefungwa. Nikapitia nyuma ya nyumba yangu kama mgeni, nikaingia kwenye chumba kile ambacho sasa kilikuwa changu.

Mambo mengi niliyojifunza kuhusu ujenzi niliyajifunza humo. Asubuhi ya kwanza nilitoka na kikombe cha chai, nikajikwaa kwenye kizingiti. Mimi, mtu wa miaka thelathini na kitu, macho yangu mazima. Fundi alikuwa amekiinua kizingiti ili maji yasiingie, na kwenye hesabu zetu hakikuwa na tatizo lolote. Alasiri ya Jumamosi nilijilaza, jua likapita dirishani likanipiga usoni kama tochi, na nikamfikiria mtu aliyetoka kupasuliwa jicho akiwa amelala pale pale. Upepo wa kutoka vilimani uliingia chini ya mlango wa mbao chakavu nilioubandika kwa muda. Nilipokwenda chooni alfajiri nilihesabu mahali ambapo mimi mwenyewe niliteleza.

Na nilisikia kila kitu. Ukuta ule tulioupata bure ulipitisha sauti kuliko nilivyodhani. Nilimsikia mke wangu akimsomea mama yake barua ya shemeji, nikawasikia watoto wakigombania kukaa upande wake, nikamsikia mama mkwe akicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alikuwa na kicheko cha pole kilichokatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba yuko kanisani.

Jumamosi ya pili mke wangu alikuwa kibandani na watoto wako nje mbele ya nyumba. Nilikuwa chumbani nikiponda kokoto za kusawazisha sakafu, maana kazi hiyo niliiweza bila kumlipa mtu. Sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, karibu kabisa.

"Wewe uliye huko nje. Ulikunywa chai?"

Niliacha nyundo. Kwa miaka yote ile, neno lake kwangu lilipitia kwa mke wangu au kwa mtoto. Niligeuka kuona kama kuna mtu mwingine nje. Hapakuwa na mtu.

"Nilikunywa, mama," nikasema.

"Huko kuna baridi?"

"Kidogo tu."

"Nasikia hilo turubai likipiga. Hiyo si baridi kidogo."

Nikasema si neno, nimezoea. Kisha akauliza, kwa namna ya mtu anayeulizia bei sokoni, paa linakwamishwa na nini. Ningeweza kumpa jibu la adabu, kwamba fundi ana kazi mahali pengine. Nilimwambia ukweli. Nilimweleza habari ya shimo la takataka, na jinsi msingi ulivyokula mabati. Nilimwambia mbao naweza kuzinunua mwezi ule, lakini mabati mpaka mkopo upite, na mkopo haungepita kabla ya mvua.

"Mabati mangapi?"

Nikamtajia.

"Hayo si mengi," alisema. "Yako Muthetheni."

Alikuwa akisema juu ya nyumba ndogo pale kwao, ile aliyolala shemeji yangu tangu alipokuwa kijana mpaka alipoondoka kwenda Mombasa. Baba mkwe aliiezeka kwa pesa za pamba, mabati mazito ya zamani. Ilikuwa imekaa bila mtu miaka mingi, na mchwa walikuwa wameshaanza kuta. Mama alisema alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu siku aliposikia kwamba watoto wanacheza ndani ya kuta zisizo na paa, lakini hakuwa na mtu wa kumwambia. Binti yake angelia. Mwanawe yuko mbali.

"Nilitaka paa langu," alisema. "Sikusema liwe jipya."

Mke wangu alilia kweli. Alipofika jioni, mama yake alimweleza mwenyewe, nami nikasikiliza upande wangu, mikono kwenye magoti. Mke wangu alisema kufumua paa la nyumbani ni kama kusema harudi tena. Alisema watu wa Muthetheni watasema mkwe amekuja kubomoa boma la marehemu. Mama alimwacha amalize. Akamjibu kwamba nyumba kubwa itabaki na paa lake na Krismasi wote watakwenda kulala humo kama kawaida, mimi nikilala kwa jirani kama kawaida. Nyumba ndogo inaoza. Mabati ya marehemu yanaweza kuoza nayo au yanaweza kumfunika mjane wake. Alisema hivyo bila kuinua sauti, kisha akaomba aletewe maji.

Jumatatu nilimpigia shemeji simu kutoka posta. Laini ilikuwa mbaya na nililazimika kueleza mara mbili. Ilikuwa nyumba yake ya ujana, na mimi nilikuwa naomba kuivua kofia. Aliponielewa akaniuliza kama mama ameshaanza kuona kitu na jicho lile. Nikamwambia anaona mwanga, na jana aliona rangi ya sketi ya mjukuu wake. Akasema nisifumue bati hata moja mpaka afike.

Nilielewa vibaya. Nilidhani amekataa. Nilimpelekea mke wangu habari hiyo nikiwa mnyonge, tukakubaliana tusimlazimishe. Lakini mwisho wa mwezi shemeji alishuka kutoka kwenye basi la usiku akiwa na mfuko mmoja na nguo za kazi tayari mwilini. Alitaka kulifumua paa lile kwa mikono yake, basi.

Tulikwenda Muthetheni mimi, yeye na fundi, na pikapu ya kukodi. Fundi alitufundisha kung'oa misumari bila kupasua bati. Shemeji alipanda juu, mimi nikapokea chini. Majirani walikuja wakasimama kando, na mzee mmoja aliuliza kwa ukali kunani. Shemeji alimjibu kutoka juu ya paa: "Mama anahamisha paa lake." Yule mzee aliwaza kidogo, akavua koti, akaja kunishikia upande wa pili wa bati.

Mabati yalikuwa na kutu kwenye ncha. Fundi aliyakata, akapoteza karibu futi moja kila upande, na bado yakatosha, kwa sababu chumba chetu kilikuwa kidogo. Matundu ya misumari ya zamani aliyaziba kwa lami. Mkopo wa mabati haukuhitajika tena, na mlango wa chuma, ambao nilikuwa nimeupigania sana, niliuondoa kwenye hesabu mwenyewe. Mlango wa mbao nzito wenye komeo zuri ulitosha. Pesa zilizobaki kwenye mshahara wangu baada ya kununua mbao tulizigawa upya, mimi na mke wangu, tukiwa tumeketi ndani ya chumba chenyewe badala ya sebuleni. Tulishusha kizingiti na kumwagia simiti njia ya maji pembeni yake. Tuliliziba lile dirisha na kufungua jingine upande wa mashariki. Fundi alilalamika kwamba anabomoa kazi yake nzuri, akadai malipo ya ziada, na tukamlipa, maana alikuwa na haki. Tulijenga ngazi mbili fupi na mkono wa bomba wa kushikilia, na kutoka mlangoni mpaka chooni tukasawazisha njia na kuweka uzio mwembamba wa fito ambao mtu angeufuata kwa kiganja.

Shemeji alikaa mpaka msumari wa mwisho. Siku ya kuhamia, mke wangu alimtoa mama yake kwa mlango wa mbele, wakazunguka nyumba taratibu, nami nikakaa kwa jirani nikijifanya kutazama ng'ombe wake. Baadaye mke wangu alinisimulia. Mama aliingia, akakaa kitandani. Kisha akaomba fimbo yake ndefu, akainyanyua mpaka ikagusa bati, akaligonga mara moja. Akasema hilo analijua mlio wake.

Mvua ilikuja wiki mbili baadaye. Paa lilivuja tone moja, juu ya kona ya mlango, na fundi akarudi na lami.

Nilirudi kwenye kitanda changu. Watu huuliza kama nilifurahi, na nilifurahi, ingawa kwa siku kadhaa nilikuwa naamka alfajiri nikitafuta kamba ya turubai. Turubai lenyewe nililifua, nikalirudisha kwa mwenyewe na kuku wawili wa mayai juu yake. Kufikia hapo tulikuwa na kuku. Mama mkwe alikuwa amesema ua usio na kuku unamfanya ajihisi hospitalini.

Mazungumzo ya ukutani hayakukoma. Hayakuwa marefu. Nikirudi kutoka kazini na kuketi sebuleni kuvua viatu, nilikuwa nikisikia: "Umerudi?" nami nikisema nimerudi, mama. Aliuliza habari za mjini, bei ya mahindi, nani amepata barua kutoka ng'ambo, ingawa hilo la mwisho sikumjibu kwa sababu ya kiapo cha kazi. Mimi nilimuuliza mambo ya shamba. Alikuwa na maoni yake juu ya serikali ambayo siyaandiki hapa. Mke wangu alizoea kutukuta hivyo, kila mmoja na ukuta wake, na alipita katikati ya mazungumzo yetu na sufuria yake kama mtu anayepita mbele ya redio.

Jicho la pili lilipasuliwa mwaka uliofuata, na mara hii hakuna aliyehama. Lilipona vizuri kuliko la kwanza. Akaanza kusuka vyondo tena, vikapu vyake vya mkonge, ameketi ngazini asubuhi, jua likimwangaza mikononi. Akaacha kuushika ule uzio wa fito, na watoto wakautumia kupandishia maharagwe.

Siku moja nilitumwa na ofisi kupeleka mzigo upande wa kwetu, nikaona nipite nyumbani kunywa maji. Haikuwa saa yangu ya kurudi. Nilizunguka pembe ya nyumba kwenda kwenye tangi, na pale pale mbele yangu, umbali wa kunyoosha mkono, alikuwa amesimama mama mkwe wangu na ungo wa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, aliokuwa anauanika. Ploti ni ndogo. Upande mmoja ulikuwa ukuta, upande wa pili maharagwe. Hapakuwa na mahali pa mtu yeyote kupisha.

Nilitazama chini. Niliona miguu yake, viatu vya plastiki, punje nyeupe za mahindi zilizoanguka. Nilifikiria kurudi kinyumenyume.

"Pita, mwanangu, pita," alisema, na nikasikia kile kicheko kinachokatika. "Nimefunga macho."

Nikapita, nikainama, nikanywa maji yangu, nikatokea upande wa mbele. Jioni mke wangu aliniwekea chakula, na juu ya sahani yangu kulikuwa na kipande cha pili cha nyama. Nikamuuliza kuna nini. Alisema ni amri kutoka upande wa pili. Mama alikuwa amemwambia kwamba mume wake amekonda, na nywele zimeanza kumtoka mbele, na kwamba mtu wa namna hiyo asiachwe kula kidogo.

Sauti ikatoka ukutani, ikauliza kama nimeshiba.